Boti ya Mfangano katikati ya mvua za Aprili: tuahirishe au tupange upya?

Wasafiri Saba
Habari zenu wadau. Tunatoka Nakuru Ijumaa: wakubwa wanne, mmoja wao mama wa miaka 68, na watoto wa miaka 4, 9 na 12. Jumamosi saa nane mchana tupande boti Dunga, pale Kisumu, kwenda kisiwa cha Ndere. Jumapili tupumzike Kisumu. Jumatatu tuvuke kutoka Mbita hadi kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, tulale huko, Jumanne turudi na kuunganisha hadi nyumbani. Arubuni imeshalipwa. Sasa utabiri ni mvua ya radi wiki nzima, na mwenye boti anasema mvua si kitu. Tuahirishe?

Upepo wa Magharibi
Mwenye boti amesema nusu ya ukweli. Mvua inalowesha tu, upepo ndio unaozamisha. Na upepo wa ziwa una saa zake. Usiku unavuma kutoka nchi kavu, asubuhi maji yanatulia, kisha ardhi ikishapata joto unageuka na kuingia kutoka ziwani. Kufikia saa saba au saa nane mchana Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa unaofika Kisumu, mara nyingi imeshachafuka. Hewa hiyo yenye unyevu ikikutana na upepo wa mashariki kwenye miinuko ya Nandi na Kericho, mnapata zile radi za jioni za Kisumu. Tena ghuba haina kina kirefu, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi na yamesimama: moja halijapita, jingine limeshapiga omo, yaani mbele ya boti. Saa mliyochagua ndiyo mbaya kuliko zote. Ondokeni saa moja asubuhi, saa tano muwe nchi kavu. Alfajiri ikiwa na ngurumo, hesabuni dakika 30 tangu ile ya mwisho kabla ya kupanda.

Kosa kubwa zaidi ni kuweka Mfangano mwisho. Ziwa likichafuka Jumanne mtakwama kisiwani, halafu mtajikuta mnamsukuma nahodha avuke kwa sababu mtu ana kazi Jumatano. Pindueni ratiba. Ijumaa msiingie Kisumu kabisa: Kericho, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, lami tupu. Laleni Mbita au Rusinga, ambako kuna daraja. Jumamosi asubuhi vukeni, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa boti ya mbao. Jumapili asubuhi rudini. Ikishindikana Jumapili, Jumatatu bado ipo. Ndere iwe ya mwisho, na ikikosekana hakuna kilichoharibika.

Karani wa Bichi
Kuhusu pesa: usidai kurudishiwa, dai kubadilishiwa siku. Sehemu kubwa ya bei ni mafuta, na mafuta ambayo hayajachomwa hayajamtoka mwenye boti, kwa hiyo tarehe mpya haimuumizi. Mwandikie leo, kwa ujumbe wa simu na si kwa mdomo: nani anaamua kwamba ziwa halipitiki, saa ngapi, na arubuni inakwenda wapi. Uamuzi ufanywe saa kumi na mbili asubuhi siku ya safari. Utabiri wa wiki hautakusaidia hapo; soma wa ziwa unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa, uangalie kwanza kasi ya upepo na urefu wa mawimbi, ndipo mvua. Ada ya KWS (shirika la wanyamapori) ya Ndere inalipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, basi lipa asubuhi hiyo hiyo, ukishaona maji.

Mzee wa Matanga
Nakubaliana na Upepo, ila Ndere kutoka Dunga na mama wa miaka 68 mimi singependekeza hata asubuhi. Ni mwendo mrefu wa kugongwagongwa kwenye ubao. Chukueni barabara ya Bondo hadi upande wa Seme mvukie huko, ambako kisiwa kiko karibu na nchi kavu. Barabara ni ile ile ya Kit Mikayi, yale mawe makubwa yanayotembelewa, kwa hiyo maji yakikataa hamjapoteza safari. Mawe yale yakilowa yanateleza vibaya; mama abaki chini.

Siku ya mvua kutwa: makumbusho ya Kisumu, yenye boma zima la Kiluo, Ber-gi-dala. Mkiwa Mbita mtaambiwa kuhusu hifadhi ya Ruma, na kweli korongo wa pale (swala mkubwa, si ndege) hampati kwingine Kenya, lakini udongo ni mweusi wa mfinyanzi. Bila gari la magurudumu manne kuvuta mtalala humo. Na watoto wasichezee maji ya ufukweni wakingoja boti. Kichocho kiko pale pale kwenye maji ya magotini.

Wasafiri Saba
Asanteni sana, tumepindua ratiba. Boti nitaikaguaje na mimi si mtu wa maji? Na wa miaka minne atavaa nini?

Fundi Injini
Mtoto avae jaketi la kuelea la uzito wake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvalishe, kisha inua jaketi kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. La mtu mzima lililokazwa kwa kamba halifai, atachomoka kwa chini.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Kwenda na upepo mbele kunakula zaidi ya alivyozoea nahodha siku tulivu.

Injini ikiwaka, tazama mchirizi wa maji unaotoka kwa nyuma. Huo ndio upoaji wake. Upepo ukiingia ghubani unasukuma gugu maji hadi bandarini na bichi za Kisumu, mizizi inaziba tundu la kunyonyea maji na kujisokota kwenye propela. Mchirizi ukikatika, injini izimwe hapo hapo, iinuliwe, isafishwe. Nahodha akiendelea kwa dakika chache, itaungua, na mtabaki mkielea mkisubiri upepo wa mchana. Uliza pia kama kuna makasia mawili na kopo la kukomba maji. Yasipokuwepo, tafuta boti nyingine.

Mama akae karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, katikati ya ubao. Omo ndiyo inayoruka. Dawa ya kichefuchefu ameze saa moja kabla ya kupanda. Akishaanza kutapika haitakaa tumboni.