Dalali anawaambia watu nyumba yangu "imeshachukuliwa" wakati bado naiuza. Nifanye nini?

MamaWatatu ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba waliowahi kuuza nyumba wanisaidie, maana dalali wangu simwelewi tena na sijui haki yangu inaanzia wapi.

Mimi na mume wangu tunauza nyumba tuliyoijenga wenyewe. Watoto wameshajitegemea, mwenzangu magoti yanamsumbua, ngazi zimekuwa adhabu. Tunataka nyumba ndogo ya chini. Hatudaiwi na benki wala hatuna haraka, na hilo nilimweleza dalali tangu mwanzo.

Siku aliyokuja kuiona alizunguka kila chumba, akagonga milango kusikia mbao, akapanda hadi juu kuangalia dari. Akataja bei kubwa kuliko madalali wengine tuliowaita, na akasema ana wateja wanaosubiri nyumba ya namna hii hii. Tukasaini naye mkataba wa kipekee wa miezi sita. Tangu hapo wimbo ni mmoja: "Mama, soko limelala, tushushe kidogo." Akipiga simu ni kushusha bei. Hajawahi kupiga kuniambia mteja fulani alipenda jiko lakini akaogopa ngazi, au kwamba watu wanauliza habari za maji. Mtu akija kuangalia nyumba, akishatoka getini ndiyo basi, sisikii alisema nini.

Picha alizipiga kwa simu yake jioni, taa hazijawashwa. Kwenye picha ya sebule ndoo ya kudekia imesimama katikati. Chumba cha mashariki, ambacho kila mgeni akiingia husimama kwanza kwa ule mwanga, hakimo kabisa. Tangazo linasema vyumba vitatu, nyumba ina vinne. Nimemwomba arekebishe, jibu lake ni "nitalishughulikia". Na wateja anawaleta bila taarifa. Mume wangu amewahi kutoka bafuni na taulo akakuta familia nzima koridoni. Jambo hilo liliniuma sana. Hii bado ni nyumba ya watu.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Rafiki yangu ana binti wa dada yake anayetafuta nyumba, na binti huyo ana dalali wake. Dalali huyo akampigia wa kwangu kuulizia nyumba yetu, akaambiwa imeshachukuliwa. Jioni ile ile dalali wangu ananipigia: kuna mteja mmoja makini, anatoa bei ya chini kuliko hata tuliyoshusha, "mkichelewa mtamkosa". Nilipomuuliza habari za yule binti, akasema simu hiyo haikumbuki.

Kamisheni yake ni asilimia ya bei. Nikiuza juu, naye si anapata zaidi? Kwa nini basi afukuze mteja? Na je, naweza kuvunja mkataba, au kumuuzia yule binti moja kwa moja? Naomba kuwasilisha.

---

NilikuwaDalali amejibu:

Shikamoo mama. Nimefanya udalali wa nyumba miaka mingi kabla ya kubadili kazi, kwa hiyo nikueleze hesabu inavyoonekana tukiwa upande wa pili wa meza.

Tuseme kamisheni ni asilimia 5. Kila 100 inayoongezeka kwenye bei, wewe unabaki na 95 na yeye anapata 5. Mara nyingi hizo 5 hazibaki zake zote, ofisi inachukua sehemu. Tuseme nusu, basi kabaki na 2 na nusu. Ili aipate hiyo inabidi atangaze wiki kadhaa zaidi, azungushe wateja, achome mafuta, apoteze Jumamosi zake. Akikushawishi ukubali bei ya chini leo, anapoteza kidogo sana na kesho yuko kwenye nyumba nyingine. Wewe ndiye unayepoteza zile 95. Kwa hiyo asilimia haiwaweki nyinyi wawili upande mmoja kama watu wanavyodhani. Yeye faida yake iko kwenye kufunga biashara haraka, yako iko kwenye bei.

Hili si jungu la madalali walioacha kazi. Wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walichambua mauzo ya karibu nyumba 100,000 katika eneo la Chicago, zikiwemo zaidi ya 3,000 za madalali wenyewe. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2008. Walipozilinganisha na nyumba za aina moja, za madalali ziliuzwa kwa bei iliyozidi kwa takribani asilimia 3.7, na zilikaa sokoni siku 9 na nusu zaidi. Yaani dalali akiuza yake anasubiri. Akiuza yako anakuambia soko limelala.

Ile bei kubwa ya siku ya kwanza ni mtego wa zamani. Unataja bei tamu ili mwenye nyumba akusainie wewe awaache wenzako, halafu kazi yako inakuwa kumteremsha polepole.

Sasa hiyo "imeshachukuliwa". Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kugawana kamisheni: binti anakuja na dalali wake, kwa hiyo wa kwako atakula nusu. Akimleta mteja wake mwenyewe anakula yote. Ya pili ni mbaya zaidi, kwamba huyo mteja "makini" ni mtu wake, atanunua chini na kuiuza tena, na cha juu wagawane. Kwa hapa nilipo siwezi kukuambia ni ipi. Muulize kwa maandishi: je, wewe, ndugu yako au mshirika wako mna uhusiano wowote na mnunuzi huyu? Msafi hujibu kwa mstari mmoja. Kuna majimbo Marekani, kama Colorado na Florida, ambayo yamekataza dalali mmoja kuwa wakala wa muuzaji na wa mnunuzi kwa wakati mmoja, kwa sababu huwezi kumpigania mmoja apate zaidi na mwingine atoe kidogo.

---

KaraniWaMikataba amejibu:

Dada, kabla hujampigia mtu yeyote simu, toa mkataba wako uusome kwa kalamu mkononi. "Mkataba wa kipekee" watu wanalitumia kwa mambo mawili tofauti, na pesa yako iko kwenye tofauti hiyo.

Aina moja inasema: huyu ndiye dalali pekee, hutaweka mwingine, lakini ukimpata mnunuzi mwenyewe hudaiwi kamisheni. Aina nyingine inampa dalali haki ya mauzo yenyewe. Hata ukimuuzia mdogo wako sebuleni bila dalali kunyanyua simu, unamlipa. Tafuta maneno yanayosema kamisheni italipwa lini na kwa sababu gani. Huko ndiko liliko jibu la swali lako kuhusu yule binti.

Halafu tazama kipengele cha baada ya mkataba. Mingi inasema ukimuuzia mtu ambaye dalali alimleta, hata kama mkataba umeisha, bado unadaiwa, kwa muda fulani uliotajwa. Kwa hiyo siku ya kuachana mdai orodha ya majina ya watu wote anaosema aliwaleta, yenye tarehe na sahihi yake. Bila orodha hiyo kila mnunuzi atakayekuja atakuwa "wake". Ona pia kama kuna kujirudia: mikataba mingine hujiongeza yenyewe usipotoa notisi kwa maandishi mapema.

Kuhusu kuficha mteja: sheria za nchi hazifanani, ila nikupe mfano wa namna jambo hili linavyochukuliwa kwa uzito. Uingereza wana sheria ya madalali wa nyumba ya mwaka 1979 na kanuni za 1991. Dalali anatakiwa kukufikishia ofa zinazotolewa, haraka na kwa maandishi, isipokuwa zile ulizomwambia mwenyewe asikuletee. Anatakiwa pia kukutajia maslahi yake binafsi kwenye mauzo, na kukueleza kwa maandishi maneno kama "dalali pekee" na "haki pekee ya kuuza" yana maana gani. Tafuta sheria ya mahali mlipo na chombo kinachotoa leseni za udalali, kama kipo. Na hata pasipo sheria mahususi, mtu uliyemtuma kwa niaba yako akikuzuilia wanunuzi amekiuka msingi wa kutumwa, na mwanasheria ana pa kuanzia.

Usivunje mkataba kwa hasira kwenye simu. Mwandikie.

---

BeiNiSoko amejibu:

Naomba niwe tofauti kidogo. Nimeuza nyumba mbili kupitia madalali, na wote wawili walinifaa. Mwenye nyumba huwa anahesabu kila tofali alilonunua na kila kumbukumbu. Mnunuzi hanunui kumbukumbu. Dalali anapomwambia ashushe anaonekana adui, kumbe anamwambia kile ambacho wateja wanasema wakifika garini. Nyumba iliyoanza na bei ya juu ikakaa sana, watu huanza kujiuliza ina kasoro gani. Isije ikawa bei ndiyo shida, dalali anasingiziwa.

---

MamaWatatu:

Asanteni sana wote, mmenifungua macho.

BeiNiSoko, nimekusoma kwa makini, na ninakubali kwamba soko ndilo linaloamua. Lakini ile bei ya juu haikutoka kwangu, ilitoka kwake yeye, kwa mdomo wake, akiwa amesimama ngazini. Na kama kweli wateja wanasema garini kwamba bei ni kubwa, kazi yake ni kuniletea maneno hayo. Ninachodai ni kuambiwa ukweli. Niambie watu kumi wamekuja, saba wamesema ngazi, watatu wamesema bei, nitashusha mwenyewe bila kusukumwa. Siwezi kushusha kwa sababu mtu ameniambia soko limelala wakati huo huo anawafunga mlango wanaobisha hodi.

Nimesoma mkataba. Ni ile aina ya pili, haki ya mauzo ni yake. Kwa hiyo kumuuzia binti pembeni siwezi bila kudaiwa, na wala sitaki kufanya hivyo kwa kificho. Lakini nimekuta mstari unaosema dalali "ataitangaza nyumba kwa wanunuzi wote wanaofaa". Huo mstari nimeupigia wino.

---

NilikuwaDalali:

Mama, huo mstari ni mali. Sasa fanya hivi. Mwombe dalali wa yule binti aandike ujumbe mfupi: alipiga simu tarehe gani, akajibiwa nini. Akikubali, una ushahidi wa mtu wa fani hiyo hiyo. Halafu barua yako usimpelekee yeye, mpelekee mkuu wa ofisi. Wengi hawajui kwamba mkataba kwa kawaida unakuwa kati ya muuzaji na ofisi, dalali mwenyewe ni mtumishi tu. Mkuu wa ofisi ana jina la kulinda. Omba dalali mwingine wa ofisi hiyo hiyo au kuachiwa mkataba bila gharama, mmojawapo, na mpe tarehe ya kujibu.

Kwa BeiNiSoko: kuna namna ya kumaliza ubishi wa bei. Adai bei ambazo nyumba zinazofanana na yake zimeuzwa kweli karibuni. Zilizoandikwa kwenye matangazo zisimshughulishe, tangazo ni matumaini ya muuzaji.

---

BeiNiSoko:

Hapo sina ubishi. Na kama simu ya yule binti ilikwenda kama alivyosema, mimi nisingekaa naye hata wiki.

---

MamaWatatu:

Wakuu, narudi na habari.

Dalali wa binti ameandika, na kaandika vizuri, na saa ya simu ameitaja. Nimepeleka barua kwa mkuu wa ofisi, mume wangu naye akasaini. Mkuu ametupigia mwenyewe. Hakumtetea mtu wake. Amesema tuna hiari ya kuachiwa, na karatasi ya kusitisha mkataba ameshatuma. Kuhusu yule mteja "makini", nimeuliza swali lile la uhusiano kwa maandishi kama nilivyoelekezwa. Jibu halijaja, na yule mteja naye amenyamaza ghafla.

Binti amekuja kuiona nyumba na mumewe, kwa taarifa, saa tuliyopanga. Walisimama kwenye chumba cha mashariki kama kila mtu. Bado hawajatoa ofa, na sitaki kuwakimbiza.

Swali langu la mwisho: hiyo karatasi ya kusitisha nisaini tu?

---

KaraniWaMikataba:

Bado. Angalia kama inataja kile kipengele cha baada ya mkataba. Ikiwa inasema haki za ofisi kwa "wanunuzi waliotambulishwa" zinaendelea, na dalali wa yule binti alishawahi kuipigia simu ofisi hiyo kwa niaba yake, wanaweza kudai ni wao waliomtambulisha, hata kama walimfukuza. Iandikwe wazi kwamba hakuna kamisheni itakayodaiwa kwa mnunuzi yeyote baada ya tarehe hiyo, au iambatane na orodha ya majina ambayo jina lake halimo. Wakikubali, saini nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wao.