Ushauri wa haraka: binti kiziwi mwenye ulemavu wa akili, mimba ya ubakaji wiki ya 25 (India). Mahakama Kuu tunaingiaje?

Mfasiri_Pune
Wakuu, salaam. Naomba wanaozijua sheria za India. Kuna familia Maharashtra naisaidia makaratasi na tafsiri. Binti ana miaka 20, ni kiziwi, na ana ulemavu wa akili wa kiwango cha kati. Alibakwa, polisi wameshapewa taarifa. Familia inahesabu wiki 23, ultrasaundi inasema 25. Hospitali inasema bila amri ya mahakama haimgusi. Mama yuko tayari kusaini kila kitu. Je, kibali ni lazima kweli? Saini ya mama inatosha? Na jalada liwe na nini ili tusirudishwe?

Wakili_Mstaafu
Tuanze na wiki, maana hapo ndipo wengi hupoteza muda wakibishana. Familia imehesabu kuanzia siku ya tukio. Sheria na madaktari huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo ongeza kama wiki mbili. 23 na 25 ni mimba ileile. Ultrasaundi ya kwanza ikipigwa umri huu inaweza kukosea kwa takriban wiki mbili huku au huku, ila msiijenge kesi juu ya tofauti hiyo.

Sheria ya Utoaji Mimba kwa Tiba ya 1971, baada ya marekebisho ya 2021, iko hivi: hadi wiki 20 anatosha daktari mmoja aliyesajiliwa. Kati ya 20 na 24 wanatakiwa wawili, na ni kwa makundi maalumu tu. Manusura wa ubakaji wamo, wenye ulemavu mkubwa wa mwili wamo, wenye ulemavu wa akili wamo. Hapo hakuna haja ya mahakama hata kidogo, ingawa hospitali nyingi huwafukuzia watu mahakamani kwa woga. Baada ya 24, bodi ya matibabu (jopo la madaktari) inaruhusu yenyewe pale tu mtoto tumboni ana kasoro kubwa. Ubakaji haukutajwa hapo. Pengo hilo ndilo linalowapeleka Mahakama Kuu kwa ibara ya 226 ya Katiba. Kwa hiyo kwenu, ndiyo, hospitali iko sahihi.

Wakili msilipe. Sheria ya msaada wa kisheria ya 1987 inampa mwanamke yeyote, na mtu yeyote mwenye ulemavu, wakili wa bure bila kujali kipato. Nendeni ofisi ya msaada wa kisheria ya wilaya au pigeni 15100 leo hii.

Bi_Ustawi
Mimi nishike la saini ya mama, maana hilo ndilo litakalowaangusha.

Kifungu cha 3(4) cha Sheria ya Utoaji Mimba kinamruhusu mlezi kuridhia kwa aliye chini ya miaka 18 au kwa mgonjwa wa akili. Tafsiri ya "mgonjwa wa akili" kwenye sheria hiyo imeutoa nje ulemavu wa akili. Binti ni mtu mzima, hivyo ridhaa ni yake. Mahakama ya Juu, iliyo juu ya Mahakama Kuu zote, iliamua hivyo mwaka 2009 katika shauri la Suchita Srivastava dhidi ya Utawala wa Chandigarh: mwanamke mwenye ulemavu wa akili alibakwa akiwa kwenye makao ya serikali, Mahakama Kuu ikaagiza mimba itolewe ingawa yeye alitaka kuzaa, na amri hiyo ikatenguliwa. Juu ya hapo, Sheria ya Haki za Watu Wenye Ulemavu ya 2016, kifungu cha 92(f), inatoa kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano kwa atakayemtoa mimba mwanamke mwenye ulemavu bila ridhaa yake. Mwanya uliopo ni kwa ulemavu mkali sana, nako lazima yawepo maoni ya daktari pamoja na ridhaa ya mlezi.

Sasa kiutendaji. Tafuteni mkalimani wa lugha ya alama na mtaalamu wa elimu maalumu, wasiwe ndugu. Kama binti anatumia ishara za nyumbani tu, mkalimani wa kawaida hatamwelewa peke yake. Aongezwe kiziwi mzoefu wa ishara za namna hiyo. Waongee naye zaidi ya mara moja, mama akiwa nje ya chumba, kwa picha: kuna mtoto tumboni, anaweza kuzaliwa, au madaktari wanaweza kuimaliza mimba. Majibu yaandikwe kama alivyoyatoa, siyo "ameelewa na amekubali". Cheti cha asilimia za ulemavu kiambatishwe, lakini hakithibitishi kwamba hawezi kuamua.

Na akisema anataka kuzaa, utayari wa mama kusaini hautabadili kitu.

Wakili_Mstaafu
Naunga mkono. Mama anaweza kulifungua ombi kwa niaba yake. Kufungua ombi ni jambo moja, kuridhia ni jingine.

Jalada liwe na: ombi na kiapo cha mama, nakala ya taarifa ya polisi, ultrasaundi, cheti cha ulemavu, ripoti ya mkalimani na mtaalamu. Msisubiri upelelezi wala majibu ya vinasaba. Jina lisionekane popote, andikeni X, na utambulisho uingie kwenye bahasha iliyofungwa. Kuanika jina la manusura ni kosa la jinai.

Wakili aombe shauri lisikilizwe siku hiyohiyo. Agosti 2023 Mahakama ya Juu iliikemea Mahakama Kuu ya Gujarat kwa kuliahirisha shauri la namna hii siku 12, kisha yenyewe ikaruhusu. Kumbusheni hilo mkiambiwa mrudi wiki ijayo.

Halafu bodi. Kosa lake la kawaida ni kuandika "mtoto hana kasoro, haishauriwi" na kuishia hapo. Aprili 2024, katika shauri la msichana wa miaka 14 wa Maharashtra, Mahakama ya Juu ilisema bodi haiwezi kujifungia kwenye kigezo cha kasoro. Lazima ipime afya ya mwili na ya akili ya mwenye mimba. Kwa hiyo ombeni amri iielekeze bodi kujibu wazi: hatari ya kuitoa sasa ikilinganishwa na ya kuibeba hadi mwisho, athari kwa akili yake, na yeye mwenyewe anasemaje. Bodi iwe na daktari wa akili, na mkalimani awemo chumbani.

Mfasiri_Pune
Shukrani sana. Binti anaogopa watu wengi. Lazima afike mbele ya jaji?

Wakili_Mstaafu
Kwa kawaida hapana. Ombi hili huamuliwa kwa viapo na ripoti. Jaji akitaka kumsikia, ombeni iwe faraghani au kwa video. Maelezo yake ya kesi ya jinai ni suala jingine: hayo hakimu anayachukua kwa msaada wa mkalimani au mwalimu maalumu, na yanarekodiwa kwa video ili asihojiwe upya kila mara.

Muuguzi_Wodi7
Naongeza mambo ambayo mawakili husahau kuyaombea amri.

Kwanza sampuli. Tishu za kijusi ni ushahidi wa vinasaba. Zisitiwe formalini, inaviharibu. Chombo safi, lakiri, barafu, na polisi asaini kupokea. Wodini formalini ndiyo iko karibu na mkono, kwa hiyo nakala ya amri imfikie muuguzi wa zamu kabla dawa ya kwanza haijatolewa.

Pili, umri huu uchungu huanzishwa kwa dawa na unaweza kuchukua siku moja hadi mbili au zaidi. Mkalimani apangiwe zamu hadi usiku, maana kiziwi asiyeelewa kwa nini tumbo linauma atang'oa dripu. Madaktari pia waseme mapema kama wataanza kwa kuusimamisha moyo wa mtoto. Wasipofanya hivyo anaweza kuzaliwa hai, hivyo amri itamke kwamba hospitali itamtibu na serikali itambeba iwapo familia haimtaki.

Tatu, asubuhi ya siku yenyewe aulizwe tena. Shauri lile la 2024 lilikwisha hivyo: ruhusa ilitoka tarehe 22, ikaondolewa tarehe 29 baada ya wazazi kubadili mawazo wakihofia hatari kwa binti yao. Amri ya mahakama inaruhusu, haimlazimishi mtu kupanda kitandani.