Nina siku moja tu Nagoya, niende wapi?

Mtoto wa Mbagala:
Wakuu habari za muda huu. Mwezi ujao bosi ananituma Japani kukagua magari ya mnadani na wakala wetu, tutafikia Nagoya, na kwenye ratiba yangu Jumatatu nzima sina kazi mpaka Jumanne asubuhi. Sasa kila ninaemuuliza ananiambia Nagoya hakuna kitu panda treni nenda Kyoto, eti hata Wajapani wenyewe wanasema hivohivo. Mimi sitaki siku yenyewe moja niimalizie stesheni, nataka niujue huu mji nitakaolala. Ni muislamu kwaiyo na upande wa chakula mnielekeze, na posho sio kubwa. Mliofika naombeni msaada.

Mzee wa Gereji:
Kijana usiende Kyoto kabisa. Wewe unakula kwa magari ya Mjapani halafu ufike Nagoya usione yalikoanzia? Pale kuna makumbusho ya Toyota kwenye kiwanda cha zamani kilichojengwa kwa matofali mekundu, nilienda 2017 nikaingia saa tatu na nusu wanafungua, nikatoka saa nane na nilikuwa bado sijashiba. Watu hawajui kwamba hawa jamaa walianza na nguo. Mzee wao Sakichi Toyoda alikuwa mtoto wa seremala, akakomaa na mashine za kufumia vitambaa mpaka 1924 akatoa ile ambayo uzi ukikatika inasimama yenyewe, na 1929 haki ya kuitengeneza wakawauzia Waingereza kwa pauni 100,000. Mwanae Kiichiro ndio akageukia magari, kampuni ya magari ikasimama 1937. Zile mashine za kufumia zipo na wafanyakazi wanakuwashia mbele yako, zinapiga kelele mpaka sakafu inatetemeka, mimi nilisimama pale nikamkumbuka bibi yangu maana enzi zake kanga nyingi zilikuwa zinachapwa Japani na yeye alikuwa hataki nyingine. Halafu ndio unaingia ukumbi wa magari, injini zimekatwa katikati unaona pistoni inavyopanda na kushuka, giaboksi nazo ziko wazi, unashika unazungusha. Nimefungua injini miaka 30 lakini kuna vitu nilivielewa siku ile.

Binti Mkunazini:
Kaka yangu, aloyasema mzee hapo juu ni kweli tupu ila Jumatatu hiyo makumbusho wanafunga! Labda iwe sikukuu ya kitaifa ndo wanafungua. Na basi la watalii la Meguru, lile linalozunguka sehemu zote hizo, nalo Jumatatu halipo. Nimesoma Nagoya miaka miwili, wageni wangu wawili yaliwakuta hayohayo nkaona uchungu mimi. Kama unaweza kufika mapema fanya Jumapili, tena wikiendi kuna tiketi ya siku nzima ya sabwei (treni za chini ya ardhi) na mabasi ya jiji inaitwa Donichi Eco Kippu, yeni 620 tu unapanda mpaka uchoke.

Ngome ya Nagoya usiiache lakini ujue unachoendea. Lile jengo refu lenye samaki wawili wa dhahabu wenye vichwa vya simbamarara juu ya paa liliungua kwa mabomu Mei 1945, la sasa ni zege la 1959 na tangu 2018 huruhusiwi kuingia ndani, utaliangalia kwa nje. Watu wanapiga picha wanaondoka, wakati raha yote ipo kwenye kasri la Honmaru pembeni yake. Hilo nalo liliungua ila wamelijenga upya kwa mbao kama lilivokuwa, limemalizika 2018, unavua viatu unatembea na soksi na harufu ya mbao inakupokea mlangoni. Kuta zimechorwa simbamarara juu ya dhahabu, na katikati yao utaona chui. Wachoraji wa enzi hizo hawajawahi kumuona simbamarara mzima, walikuwa na ngozi tu, na watu waliamini chui ndo simbamarara jike! Mimi nilikaa mbele ya chui yule muda mrefu, nkasema laiti wangekuja kwetu mara moja.

Chakula: miso katsu ndo sifa ya mji na ni nguruwe, usiguse. Hitsumabushi ni mkunga wa kuchoma juu ya wali, samaki ndio lakini sosi yake kawaida ina mirini ambayo ni kileo cha mchele, mi sikula. Msikiti upo karibu na stesheni ya Honjin, vituo viwili tu toka Nagoya kwa laini ya njano, sali pale na uwaulize wenyewe wanapokula. Asubuhi ingia mkahawani, Nagoya mikahawa mingi ukinunua kahawa kabla ya saa tano wanakupa na mkate wa kuchoma bure, mara nyingi na yai. Omba ule wenye maharage mekundu ya sukari juu yake. Watu wa bara wanaushangaa ila sisi tuliofuturu maharage ya nazi na sukari hatuna tabu nao, na siagi ile moto aah.

Mtoto wa Mbagala:
Dada Mungu akubariki, nimeongea na bosi nitafika Jumamosi usiku. Ila shemeji yangu anasema hayo makumbusho ya Toyota yako Nagakute mbali huko, ni yapi sasa?

Rift Runner:
Hizo ni mbili tofauti, wengi huchanganya. Ya Nagakute ni ya magari ya zamani kutoka nchi nyingi, ni poa sana lakini iko nje ya mji na itakula nusu siku. Ile mzee amesema iko stesheni ya Sako, kituo kimoja na treni ya Meitetsu kutoka Nagoya, ama utembee kama dakika 25. Mimi ni Mkenya, nilikuja hapa Machi kumsindikiza dadangu kwa ile marathon ya wanawake, kwa hivyo najua barabara za huu mji kwa miguu. Fuata hii: asubuhi Sako, saa nane ngome, halafu ushuke na laini ya zambarau hadi Kamimaezu utembee Osu, ni mitaa ya maduka imeezekwa juu na mitumba imejaa, bei si mbaya. Jioni jua likianza kushuka nenda Atsuta kwa laini hiyohiyo kabla giza. Ni hekalu la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, ndani ya msitu, wanahifadhi upanga ambao hakuna mtu huonyeshwa. Mimi nilienda kwa sababu ya miti, kuna mkarafuu-maiti mkubwa wanasema umepita miaka elfu moja, dadangu alikuwa amemaliza mbio miguu imevimba na hapo ndio aliketi akatulia mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Lakini hiyo laini ya zambarau uwe makini, treni zingine zikifika Kanayama hukata kwenda bandarini, soma isiwe imeandikwa Nagoyako.

Mzee wa Gereji:
Na akipotelea huko bandarini sio hasara, ndiko magari mengi ya Mjapani yanakopakiwa melini. Lakini Jumapili hiyo afanye kama alivyoelekezwa.

Mtoto wa Mbagala:
Nimeandika yote. La mwisho, nibebe hela taslimu au kadi inatosha?

Binti Mkunazini:
Beba vyote, mikahawa midogo wengine wanataka taslimu, ukiishiwa mashine za kutolea hela kwenye maduka ya 7-Eleven zinakubali kadi za nje. Na uwe na mfuko wa taka kwenye begi kaka, pipa barabarani hulioni.