Tupeane uzoefu: tangazo la kazini likija WhatsApp, unaliamini vipi?

Mla Migebuka: Wakuu, bosi katupia grupuni "kesho hakuna kazi", mara kafuta. Nusu ya ofisi hapa Mwanga wameshaaga. Kwenu inakuwaje?

Binti Kakonko: Umenitonesha kidonda. Saa tatu usiku mkuu wetu wa shule katupia barua: uhakiki wa vyeti, kesho asubuhi Kigoma mjini, vyeti halisi, asiyefika atajijua. Na tangu 2017 walipotangazwa watumishi 9,932 wa vyeti feki, nani anasikia neno uhakiki akalala? Tunampigia, hapatikani. Tukakodi probox usiku uleule, mwenzangu ananyonyesha, mtoto analia toka Kibondo mpaka Kasulu, vumbi hadi kwenye nyusi. Tumefika, mlinzi anashangaa: "Uhakiki gani tena?" Afisa mmoja akaikuza ile picha kwenye simu. Muhuri umekatwa nusu, tarehe haipo, anuani ya mkoa mwingine kabisa! Mkuu kuja kupatikana: "Mwalimu, mimi nilituma kama nilivyopokea." Nauli hadi leo sijaiona.

Kijana wa Urambo: Kama nilivyopokea 😂😂

Mama Gungu: Pole mwaya. Na mtoto mchanga jamani.

Ng'wana Tabora: Huyo wa kushtaki. Sheria ya Makosa ya Mtandao 2015, kifungu cha 16, faini haipungui milioni tano.

Mzee wa Reli: Usitishe watu. Kifungu hicho kinataka awe anajua ni uongo, tena ana nia mbaya. Huo ulikuwa uzembe, unamalizwa kazini.

Ng'wana Tabora: Au mkuu mwenyewe ndiye wewe?

Mzee wa Reli: Kijana, nimestaafu. Chunga mdomo.

Kijana wa Urambo: Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ushapita kwa watu kibao huo. Mimi sisomi.

Mama Gungu: Usiposoma wakikuandikia barua utasema hukuona? Tiki za bluu zinakuumbua. Dawa ni kupiga simu.

Kijana wa Urambo: Si kasema hapatikani, mama?

Mama Gungu: Basi mpigie mkewe.

Mla Migebuka: Mimi naona bora kujitoa grupuni.

Ng'wana Tabora: Jitoe, kesho uitwe mtovu wa nidhamu.

Dereva Kasulu: Dada Kakonko, hiyo probox ya usiku mlitoa shilingi ngapi? Nauliza tu.

Binti Kakonko: Wasimamizi, fungeni huu uzi.