Mdogo wangu kafariki, nashindwa hata kuimba kanisani. Naombeni ushauri

mwanakwaya_msi: Wakuu habari za jioni. Niko kijijini hapa Masasi, naongoza kwaya. Mdogo wangu wa mwisho kafariki mwishoni mwa mwezi wa kumi, ajali ya pikipiki njia ya Ndanda, alikuwa kafuata salfa ya kupulizia mikorosho usiku. Miaka 22, hata kuoa bado. Tangu tumzike nikisimama kuimba koo linakaba, zile nyimbo za tutaonana mbinguni naona kama nadanganya watu. Jumamosi ni arobaini na padre anataka niseme neno. Mkristo anapata wapi matumaini kijana akikatika hivi? Msaada jamani sio matusi.

Mzee_wa_Lulindi: Pole. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Kaza imani.

boda_wa_Mikindani: Pole sana kaka. Alivaa helmeti? Mimi nilianguka 2019 nikiwa na abiria na dumu la mafuta, nina vyuma mguuni mpaka leo, mwenye pikipiki alivyokuja hospitali kitu cha kwanza kuuliza ni pikipiki iko wapi. Usiku hatuonekani kabisa, malori yanapita tu.

Binti_Kilwa: Mie Muislamu ila msiba hauna dini. Dada yangu alifia kwenye uzazi, watu wakaja na maneno yao ya mpango wa Mungu mpaka nikatamani kuwafungia mlango, walionifaa ni wale waliochota maji wakakaa kimya. Ila kaka, unaposema "nadanganya watu" naona kuna kitu umekibana. Kiseme.

mwanakwaya_msi: Haya. Kuna mtumishi yuko Dar nimempata kwenye simu, anasema kifo cha ujana hakitoki kwa Mungu, kuna mkono wa mtu wa ukoo, na atamtaja kwa laki nne. Nimeshatuma mbili. Iliyobaki ninayo, nimetoa korosho gunia sita kwa kangomba, wale wanaonunua kimagendo, kwa sababu hela ya mnadani inachelewa. Msinihukumu. Najua kwa mganga ni dhambi ila huyu anaomba kwa jina la Yesu, ni tofauti.

mkulima_Nanyamba: KANGOMBA TENA!!! Tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mnadani kupitia ghala, iingie kwenye korosho 2007 tunapiga kelele, halafu mtu anayeongoza kwaya anapimiwa jasho lake kwa bakuli. Bei umepewa ngapi?

Mtani_Myao: Laki nne atajiwe mchawi? Ungetuita watani tungekutajia bure. Ni shangazi. Huwa ni shangazi siku zote 😂 Pole lakini mtani wangu.

MamaNyangao: Mwanangu, hiyo iliyobaki usitume. Mimi nilizika kijana wangu 2014 na mimi niliambiwa nimtafute aliyemroga, nikamaliza mwaka mzima namwangalia mke mwenzangu vibaya na kaburi halikupungua hata sentimita. Soma Luka 13, mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, Yesu akauliza mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe sivyo. Na kuhusu kuimba, nani kakwambia lazima uimbe? Martha alimwambia Yesu usoni, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa", na hakufukuzwa. Na Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro lakini alilia kwanza. Mimi matumaini yangu yako hapo, huwa sielewi wanaosema ukilia huna imani. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa na bado imo kwenye Biblia, niliisali miaka miwili hiyo hiyo. Jumamosi isome, kaa chini.

jicho_la_Newala: Samahanini waombolezaji ila hii ni CHAI. Mwezi wa kumi salfa ya nini? Salfa tunapuliza mwezi wa sita wa saba, mwezi wa kumi watu wanaokota. Huyu hajawahi hata kushika mkorosho. Subirini mtaona namba ya kuchangia rambirambi.

boda_wa_Mikindani: Duh kweli bana. Mimi nishalia bure.

Mtani_Myao: Chai ya rangi hiyo, leteni mihogo.

Binti_Kilwa: Mngemwacha ajibu.

mwanakwaya_msi: Sio chai. Salfa ndo niliwaambia nyumbani na padre, nimeizoea hadi nimewaandikia na nyinyi. Nilimtuma uraka, pombe ya mabibo. Nilikuwa na wageni, saa tatu usiku, mabibo yapo ya kutosha, akasema kaka taa ya pikipiki inakatakata niende kesho, nikamwambia acha uvivu. Basi. Sasa nikisimama na joho la kwaya niseme nini? Nabii akitaja mtu mwingine angalau mama atapata wa kumlaumu. Mama akijua ni mimi atakufa.

jicho_la_Newala: Aisee. Nisamehe mkuu.

Mzee_wa_Lulindi: Pombe imeangamiza vijana wa kusini. Nimesema sana.

MamaNyangao: Mzee, sio leo. Mwanangu, ukimlipa huyo mtu unamnunulia mama yako adui wa uongo, na shangazi wa watu atatengwa hadi azikwe. Nenda kwa padre kaungame kabla ya Jumamosi. Halafu mama. Mama huwa anajua nani alimtuma mwanawe usiku, anasubiri tu aambiwe.

mwanakwaya_msi: Yuko uani anabangua korosho. Naweka simu chini.

mkulima_Nanyamba: Mungu akutangulie. Ila bei ya hizo gunia sita hujasema.