Mjadala: Mieleka ya ridhaa, tuache mtoano kwa wanaoanza ili washiriki waongezeke?

Mleta mada:
Wadau, kila mashindano ya ridhaa yakikosa watu, dawa ya kwanza kutajwa ni zawadi. Ongeza fedha, ongeza medali, watakuja. Mimi napinga. Zawadi humvuta anayejua kwamba atashinda. Aliyeanza mazoezi miezi minne iliyopita hazimhusu. Yeye anataka kupigana, na ndicho tunachomnyima.

Chukueni uzito mmoja, yaani daraja moja la kilo, wenye watu 16. Kwa mtoano, 8 wanatoka baada ya pambano moja. Kanuni za kimataifa hurudisha walioangushwa na wale waliofika fainali, wagombee shaba, lakini katika wale 8 wa raundi ya kwanza wanaorudi ni 2 tu. Sita wamepima uzito asubuhi, wamesubiri hadi mchana, wamebwagwa ndani ya dakika moja mabega yote mawili mkekani, basi. Mashindano yajayo hamuwaoni, kisha tunalalamika vijana hawapendi mieleka!

Tugawe hao 16 katika makundi manne ya watu wannewanne, kila mmoja akutane na wenzake wote. Kila mtu anapata mapambano matatu. Jumla ni mapambano 24 badala ya 15 ya mtoano mtupu, bila kuhesabu ya wanaorudi kugombea shaba. Kwa watoto wanaocheza vipindi viwili vya dakika 2, na mapumziko ya sekunde 30 katikati, hilo ni ongezeko la kama dakika 40 kwenye mkeka mmoja, hata kama hakuna pambano litakaloisha mapema. Dakika 40 ndizo zinazotushinda?

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, nakuheshimu, ila unalegeza mchezo. Ukali wa mieleka ni kwamba ukianguka umeanguka. Halafu waamuzi unawasahau. Ni walewale watatu tangu asubuhi, na mwamuzi aliyechoka haoni mkono ulioshika shingo vibaya. Hapo mtoto anaumia.

Mleta mada:
La waamuzi nalipokea, ni zito kuliko hoja yangu ya dakika. Pasipo waamuzi wa kupokezana, tupunguze idadi ya uzito zinazochezwa siku moja. Lakini la ukali sikubali. Mabingwa wabaki na mtoano wao. Nazungumzia wenye chini ya miaka miwili mkekani. Na hata kanuni za kimataifa, uzito ukiwa na watu wasiozidi watano, hukutanisha kila mtu na kila mtu. Huko hakuna anayesema mchezo umelegea.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni mzazi. Binti yangu aliacha baada ya mashindano mawili, na hakuacha kwa sababu ya kushindwa. Aliacha kwa kukosa wa kupigana naye. Mara zote mbili alikuwa peke yake kwenye uzito wake, akavishwa medali ya dhahabu bila kugusa mtu. Alilia njia nzima. Mieleka ya wanawake imo kwenye Olimpiki tangu 2004, na sisi bado tunapanga ratiba kana kwamba wasichana ni wageni waliopotea njia.

Mleta mada:
Pole sana, dada. Ndiyo maana nataka tuache kushikilia uzito uliopangwa mapema. Tuwapime wote asubuhi, tuwapange kwa mfuatano wa kilo na uzoefu, tuunde makundi hapohapo. Binti wa kilo 41 anaweza kucheza na wa 43.

Kuna faida nyingine. Mtoto asiyejua atawekwa kundi gani hana sababu ya kujinyima maji ili ateremke uzito mmoja. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki katika muda wa wiki chache wakijikausha kwa ajili ya mizani. Baada ya hapo kanuni zilibadilishwa, suti za kutoa jasho na sauna zikapigwa marufuku, na mizani ikasogezwa karibu na muda wa pambano. Sisi wa ridhaa tusisubiri msiba.

Mchangiaji wa tatu:
Nafundisha watoto. Nakuunga mkono, ila weka kikomo. Ukiacha wapangaji waamue kwa macho, klabu mwenyeji itajipangia wapinzani wepesi.

Mleta mada:
Kocha, tofauti isizidi asilimia 10 ya uzito wa aliye mwepesi, na orodha ibandikwe ukutani nusu saa kabla ya pambano la kwanza ili kila kocha apate kuipinga.

Mchangiaji wa tatu:
Kwa kilo 40 hizo ni kilo 4, sawa. Kwa mtu wa kilo 90 ni kilo 9, na zikikulalia kifuani utazijua.

Mleta mada:
Kweli. Kwa watoto nabaki na asilimia 10. Kwa watu wazima tuweke kilo 5, labda pungufu. Wenye mizani na uzoefu wa wazito, semeni ngapi.