Msaada p5.js: mistari ya mawimbi yote inakimbilia kushoto, na A3 inatoka na ukungu

Mkazi_wa_Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Nachora ziwa kwa p5.js, maktaba ya JavaScript ya kuchora kwa msimbo, kwenye kihariri chake cha mtandaoni. Turubai ni 600 kwa 600, mistari 3,000, kila mstari hatua 200, naanzia juu kushuka chini. Mwelekeo naupata hivi:

a = noise(x*0.005, y*0.005) * TWO_PI

Karibu mistari yote inaelekea kushoto, hata nikibadilisha mbegu (namba inayoanzisha bahati nasibu). Kwenye simu theluthi ya chini inabaki tupu, ilhali kwenye kompyuta inajaa. Na nikichapa A3, picha ina ukungu. Ninachotaka ni mawimbi yalale kama ziwa linavyoonekana pale Kamanga, Mwanza, na Jiwe la Bismarck litokeze majini.

Fundi_Pikseli

Mkuu, kushoto kunatokana na hesabu, mbegu haihusiki. noise(), inayotoa namba za nasibu zinazobadilika polepole, haigawi namba sawasawa kati ya 0 na 1. Inajumlisha tabaka nne, 0.5 + 0.25 + 0.125 + 0.0625, jumla 0.9375, kwa hiyo wastani wake ni kama 0.47 na namba nyingi hulundikana hapo. Zidisha 0.47 kwa duara zima unapata nyuzi 169, na nyuzi 180 ndiyo kushoto. Wengi hukimbilia kuzidisha kwa TWO_PI * 2. Mistari itatawanyika kweli, ila utapata vimbunga, siyo ziwa. Kwa maji tulivu toa wastani kwanza:

a = (noise(x*0.002, y*0.008) - 0.47) * 2

Sasa mistari inaelekea kulia, ikipanda na kushuka kwa takriban nyuzi 30. Angalia pia kwamba x na y zina vipimo tofauti. 0.002 inavuta wimbi liwe refu kwa upana, 0.008 inalibana kwa kimo. Ukiweka sawa pande zote unapata mabonge ya duara, yanafanana na moshi kuliko maji.

Theluthi tupu: kihariri kina kinga dhidi ya mzunguko usio na mwisho. Mzunguko wa for ukichukua muda mrefu, kinaukata katikati na kuandika onyo kwenye konsoli. Simu ni dhaifu kuliko kompyuta, ndiyo maana inakatwa huko tu. Ukiandika // noprotect juu ya msimbo kinga inazimika, lakini hapo ukikosea kweli kivinjari kitaganda na kazi ambayo hujahifadhi inapotea. Mimi nashauri uiache kinga. Ondoa mistari kwenye setup(), inayoendeshwa mara moja tu, na ndani ya draw(), inayojirudia kila fremu, chora 40 kwa kila fremu, ikifika 3,000 ita noLoop() isimame. Ni fremu 75 tu, na unaliona ziwa likijaa.

Steshenari_Igoma

Naongezea upande wa kuchapa. A3 ina upana wa milimita 297, yaani inchi 11.7. Pikseli 600 zikitandazwa hapo unabaki na kama 51 kwa inchi. Lazima iwe na ukungu. Kwa pikseli 300 kwa inchi unahitaji 3508 kwa 4961, na umbo siyo mraba.

Usiandike createCanvas(3508, 4961). Mistari itakuwa myembamba mno, na kwa kuwa noise inasoma x na y, mawimbi yote yatabadilika. Fanya hivi:

pixelDensity(4);
createCanvas(877, 1240);

Picha inabaki ileile, pikseli ndizo zinazoongezeka. Kwa iPhone weka 3 badala ya 4: kwa 4 unafika pikseli milioni 17.4, na nyingi zinatoa turubai tupu ukivuka 16,777,216. Kwa 3 unapata 225 kwa inchi, bado safi kwa picha ya ukutani.

strokeWeight, yaani unene wa mstari, isishuke chini ya 0.5, ambayo kwenye karatasi ni kama milimita 0.17. Acha ukingo wa vipimo 15 vya turubai kila upande, sawa na milimita 5, maana mashine nyingi hazichapi hadi mwisho wa karatasi. Bluu kali ya kioo itafifia kwenye wino, chagua iliyotulia mapema. Na tafadhali usitume PNG kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kazi yote hii inaharibika. Tuma kama hati, na mwambie mchapaji achape kwa asilimia 100.

Fundi_Pikseli

Jiwe sasa. Chukua kitovu chake na nusu kipenyo R. Mstari wowote unaoanzia ndani ya R utupe. Nje kidogo, umbali d ukiwa chini ya 2R, pinda mwelekeo: dx na dy ni tofauti kutoka kitovuni, juu ya jiwe tumia (-dy/d, dx/d), chini yake geuza alama zote mbili. Changanya na mwelekeo wa maji kwa uzito (2R - d)/R. Changanya vekta (jozi za x na y), kamwe usichanganye pembe. Wastani wa nyuzi 350 na 10 ni 180, mstari utarudi nyuma ghafla na hutajua kwa nini.

Ili mistari isirundikane, gawa turubai kwa visanduku vya 6 kwa 6, na kila mstari uandike namba yake unapopita. Ukikuta namba ya mwenzake, unasimama. Ukiandika tu "pamejaa" bila namba, mstari utajikuta wenyewe na kusimama hatua ya pili.

Weka randomSeed na noiseSeed zote mbili, na mbegu iingie kwenye jina la faili. La sivyo hutaipata tena picha uliyoipenda.

Mkazi_wa_Kirumba

Asanteni sana, maji yamelala na jiwe limekaa. Limebaki moja: nimeanzishia mistari nje ya turubai, x = -150, ili ukingo wa kushoto usibaki na mapengo. Sasa mawimbi ya pale yanajirudia kama kwenye kioo.

Fundi_Pikseli

noise() ya p5.js inaondoa alama ya kutoa, kwa hiyo -150 na 150 zinapata jibu moja. Andika noise((x+1000)*0.002, (y+1000)*0.008), usiguse kingine.